Msindikizaji wa Vanessa

Ukumbi wa video wa Mzee Twagirayezu uko nyuma ya soko la Kamembe, ukuta mmoja na fundi viatu. Ndani kuna mabenchi, kitambaa cheupe, rido nyekundu, pazia linaloficha mlango wa pembeni, na kiti kirefu cha mbao ambacho ni cha Benitha. Siku za soko, mchana, Benitha hukaa pale na kipaza sauti, filamu ikapita kwenye kitambaa naye akaieleza. Kazi hiyo huku huitwa agasobanuye, na karibu wote wanaoifanya huifanya kwa Kinyarwanda. Yeye huifanya kwa Kiswahili, kwa sababu wateja wa mchana ni wafanyabiashara waliovuka mpaka kutoka Bukavu, pamoja na Wanyarwanda waliokulia huko, wakarudi kwao, na mpaka leo wanasali kwa Kinyarwanda na kucheka kwa Kiswahili. Benitha ni mmoja wao.

Alisomea lugha, na aliichukulia kazi yake kama fundi saa anavyoichukulia yake. Sauti zote za filamu zilikuwa zake. Wanawake aliwapa sauti yake ilivyo, wanaume aliwapa ile ile akiishusha kidogo, na mbwa walijitegemea.

Filamu iliyojaza ukumbi kuliko zote ilikuwa ya mwanamke aitwaye Vanessa, mchora ramani za majumba, anayeishi peke yake katika nyumba ya vioo katikati ya msitu, na mwanamume aitwaye Jules anayemfuata. Watu wa Kamembe walikuwa wameiona mara nyingi kwa sababu iliwaudhi. Kwanza, nani mwenye akili anajenga msituni bila jirani? Hata Bweyeye, ambako msitu unaanza jiko linapoishia, watu wanajenga karibu karibu ili mmoja akikohoa mwingine aseme pole. Halafu mwanamke mwenyewe. Anasikia kitu kimeanguka chini gizani, anashuka miguu mitupu, hawashi taa, ingawa umeme upo na nyumba nzima ni swichi. Anauliza, “Kuna mtu?”, kana kwamba mwizi atajibu yupo na karibu. Simu ameiacha garini. Na Jules anapofika sebuleni, badala ya kutokea mlango wa mbele ulio wazi mbele ya macho yake, Vanessa anapanda ngazi kwenda juu, ambako hakuna njia ya kutokea.

Hapo ukumbi wote ulisimama. Aliyepiga kelele zaidi ni Nsabimana, jirani wa Benitha, mfanyakazi wa kiwanda cha saruji huko Muganza, ambaye alikuja moja kwa moja kutoka zamu yake na vumbi jeupe kwenye kope, hata akaonekana kama babu mwenye hasira ya kijana.

“Usifungule!” alimwambia Vanessa. “Maman, iko nyuma ya mulango! Usifungule!”

Vanessa alifungua mlango wa chumba cha juu. Nsabimana akakaa, akashika kichwa, na siku ya soko iliyofuata akarudi kujaribu tena.

Kilichomsumbua Benitha katika filamu hii ni neno moja. Lugha ya filamu ilikuwa na neno fupi la mtu anayemfuata mwanamke kila siku bila kuitwa, anayejua saa zake za kazi na rangi ya mapazia yake. Benitha alilitafutia la Kiswahili kwa uangalifu. Mfuatiliaji lilimkumbusha mtu wa mita za maji. Mnyemeleaji lilikuwa la paka. Mwindaji lingewafanya watu wa benchi la nyuma wangoje mnyama. Mwishowe alichagua msindikizaji, kwa kuwa ndicho hasa kilichoonyeshwa: mwanamke anatoka kazini, mwanamume yuko nyuma yake mpaka nyumbani. Alilitamka kwa kejeli, na aliamini kejeli itasikika.

Kejeli haishindani na jenereta ya ukumbi. Watu walisikia msindikizaji, na huku msindikizaji ni mtu mwema. Mgeni akiaga humwachi aende peke yake. Unavaa viatu, unatoka naye, unamfikisha nusu ya njia, na ukimpenda unamfikisha kwake. Asiyesindikizwa amefukuzwa. Kwa hiyo waliokaa kwenye mabenchi walimwona Jules kuwa mtu mwenye malezi mazuri na mwisho mbaya.

Siku moja ya soko, katikati ya kiangazi, Benitha alichoka. Vanessa alikuwa amefika katikati ya ngazi, mkono kwenye ukingo, mdomo wazi. Filamu ilimtaka Benitha apumue kwa hofu kwenye kipaza sauti. Badala yake alisema, kwa sauti ya kawaida, “Vanessa, dada yangu, mlango wa mbele uko wazi. Chukua sweta utoke.”

Vanessa alitazama huku na huku. Alishuka, akachukua sweta kwenye kiti, akatoka kwa mlango wa mbele. Kwenye kitambaa zikabaki ngazi na taa. Kisha rido nyekundu ikasogea, akaingia ukumbini miguu mitupu, akauliza kama kuna nafasi ya kukaa. Védastine, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, alisogea. Mzee Twagirayezu aliwatangazia watu kwamba filamu imekwisha mapema leo, na kwamba lawama ziende kwa mwenye kipaza sauti.

Vanessa alikaa kwa Benitha, kwa kuwa yeye ndiye aliyemwita. Hakuwa mgeni wa taabu. Alipewa kandambili. Alizungumza Kiswahili kwa sauti ya Benitha, maana hakuwahi kupewa nyingine, na wakiwa wawili jikoni, aliyesikiliza nje alidhani Benitha anabishana na nafsi yake na kukubaliana nayo. Alikuwa na tabia ya kufika mahali bila kupita katikati: yuko kwenye sufuria, mara yuko mlangoni. Ndivyo alivyozoezwa kule. Benitha alimwomba apunguze, kwa sababu ya vyombo. Asubuhi alichora ramani ya kibanda kipya cha Védastine, chenye paa la kuzuia jua la mchana lisifikie sambaza, na Védastine alikijenga vile vile. Vanessa alipenda hasa kwamba nyumba ya Benitha haikuwa na ghorofa. Alilala vizuri.

Benitha aliandika kichwani mwake kwamba jambo lilikuwa rahisi kuliko watengeneza filamu walivyodai. Mtu anaonyeshwa mlango, anatoka. Aliridhika, na aliyeridhika ndiye anayevuka mpaka kwenda kumsalimu dada yake Bukavu bila kufikiria nyuma.

Siku hiyo Mzee Twagirayezu alionyesha filamu kwa kutumia sauti ya Benitha aliyokuwa ameirekodi zamani. Jules alizunguka nyumba ya vioo. Alitafuta chini, akatafuta juu, akafungua makabati. Watu walipiga miayo. Kisha Jules aliuona mlango wa mbele, akatoka kama Vanessa alivyotoka, na rido ikasogea. Alikuwa na koti refu jeusi, na mvua ilikuwa inamnyeshea. Katika filamu hakuonekana hata mara moja bila mvua, na alikuja nayo. Ilimnyeshea yeye peke yake, kuanzia kofia hadi viatu, na ikaishia kwenye sakafu ya saruji karibu na miguu yake. Watu wa benchi la mbele waliinua mikoba yao.

Jules alivua kofia. “Samahani,” alisema, kwa sauti ya Benitha iliyoshushwa kidogo. “Mimi ni msindikizaji wa Vanessa. Alitoka bila mimi.”

Nsabimana alisimama kumpa nafasi yake. Lakini Jules hakutaka kukaa. Alitaka kujua nyumba ni ipi. Kumwelekeza mgeni kwa kidole ni ukosefu wa adabu, kwa hiyo walimpeleka. Ukumbi mzima ulitoka, Nsabimana mbele, Védastine akiwa na mwavuli ambao haukusaidia kitu kwa kuwa mvua ilianzia chini ya mwavuli.

Benitha aliporudi kutoka Bukavu alikuta sebule yake imejaa majirani, kila mmoja na Fanta mkononi, na Jules ameketi kwenye beseni ili asilowanishe makochi. Mlango wa chumba cha Vanessa ulikuwa umefungwa, na kitanda kilisikika kikisukumwa nyuma yake.

Alimwita Nsabimana nje, akamuuliza anajua yule ni nani.

“Ni Jules,” Nsabimana alisema.

“Umemwona mara ngapi akivunja kioo cha jikoni na kuingia?”

“Mara mingi. Lakini ile ni filamu, Maman Benitha. Hapa haiyavunja hata glasi. Amekaa mu beseni, anashukuru.” Alipangusa vumbi machoni. “Mugeni anauliza njia, siye tunamunyamazia? Sasa iyo ni malezi gani?”

Védastine aliwafuata na kuongeza kwamba mtu kutoka mbali vile, na mvua yote ile juu yake, hata kama angekuwa mbwa ungemfungulia.

Benitha alieleza kosa la neno. Alieleza taratibu, kama darasani, kwamba msindikizaji huenda na mtu aliyemkubali, na hurudi nyuma akiambiwa inatosha. Kwamba yeye alilitumia kwa kejeli. Kwamba alikuwa anatafuta lingine. Walimsikiliza kwa heshima. Nsabimana alisema neno lilikuwa zuri, asijilaumu.

Jules alihamia kwa Nsabimana, chumba cha nje, ambacho paa lake halikuwa na shida ila sakafu ilichimbiwa mfereji. Kila alasiri alisimama ng'ambo ya njia, mkabala na dirisha la Vanessa, na mvua yake. Vanessa akienda sokoni, alikuwa nyuma yake. Akichepuka kwa fundi viatu, alikuwa nyuma yake. Wanawake wa soko walimsalimu. Walisema siku hizi wanaume wanashuka kwenye pikipiki kabla haijasimama, wanakuacha na mzigo, na huyu hata hajalalamikia jua. Kanisani padri hakupinga, aliomba tu asikae karibu na kinanda.

Halafu wakulima wa Nzahaha walipata habari. Kiangazi kilikuwa kimekaza na maharage yalikuwa yanajikunja. Walikuja wawili, wamevaa vizuri, wakamwomba Jules aende kusimama kidogo shambani kwao. Jules alikubali, kwa sharti kwamba Vanessa awepo mahali anapoweza kumwona. Wakulima walikuja kwa Benitha na ombi hilo na jogoo. Benitha aliwarudishia jogoo. Waliondoka wamehuzunika, na njiani walieleza kila waliyekutana naye kwamba kuna mwanamke Kamembe anayezuia mvua.

Baada ya hapo watu walianza kumshauri Vanessa. Walimwambia mwanamume mvumilivu hivyo hapatikani. Walimwambia angalau amsalimu, salamu haivunji mfupa. Walimwambia akimkasirikia ndiyo anamtia moyo, na akimnyamazia ndiyo anamtia moyo, na akimchekea amemtia moyo mwenyewe asije akalia. Mzee Twagirayezu, aliyeona mambo mengi, alishauri abadilishe njia ya kwenda sokoni, kisha akamweleza Jules njia mpya ili asipotee.

Asubuhi moja Vanessa alianika sweta lake uani na kwenda sokoni na Benitha. Nyumba ilifungwa kwa ufunguo. Waliporudi, ilikuwa bado imefungwa, na sweta lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya mto wa Vanessa, limelowa.

Hakuna mtu Kamembe aliyehitaji kuelezwa maana yake. Filamu ilikuwa na sehemu hiyo hiyo, sweta hilo hilo, mto mweupe. Inayofuata ni kisu. Nsabimana mwenyewe, kila sweta lilipoonekana, humgeukia mwenzake na kusema sasa kisu.

Védastine alikuwa na ufunguo wa akiba, kwa ajili ya mafuriko na moto. Benitha alimuuliza. Védastine hakuficha, Jules aliomba kwa adabu.

“Kwani kosa ni kukukunjia nguo?” alimwambia Vanessa. “Mie bwana wangu tumemaliza miaka na miaka, haiyakunja hata soksi.”

Vanessa alimtazama. Kisha akawa yuko mlangoni, kisha chumbani, bila kupita katikati.

Benitha alimpeleka kwa kiongozi wa mudugudu, yaani mtaa wao. Alikuwa mtu mpole na mwenye utaratibu, na Benitha alitegemea utaratibu. Aliwapa viti, akamsikiliza Vanessa mpaka mwisho bila kumkatiza, akafikiri.

“Amekupiga?”

“Bado,” Vanessa alisema.

“Ameiba?”

“Hapana.”

“Aliingia kwa kuvunja?”

“Alipewa ufunguo.”

Kiongozi alitikisa kichwa kama mtu anayefunga hesabu isiyobaki kitu. Alisema atazungumza naye kama baba, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa amepanga kumwomba Jules aje kwenye kazi za mtaa, maana miche ya barabarani ilikuwa inakauka. Walipokuwa wanainuka aliwasimamisha. Alikuwa na swali moja ambalo lilikuwa limemkaa siku nyingi.

“Maman Vanessa, samahani. Ile siku mulango ulikuwa wazi. Sababu gani ulipanda ngazi?”

Njiani kurudi Jules alikuwa nyuma yao. Mvua yake ilisikika juu ya mawe.

Jioni hiyo, kabla taa hazijawashwa, Vanessa alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alisema anarudi.

Benitha aliuliza wapi, ingawa alijua. Vanessa alisema nyumba yake ni ya vioo na iko msituni, hilo ni kweli, na hajui nani alimshauri kuijenga vile. Lakini kule anajua mambo yanavyokwenda. Anajua Jules anaingilia wapi. Anajua anasimama wapi na anageuka lini.

“Mnaniuliza ngazi, ngazi,” alisema. “Juu ya ngazi kuna chungu cha maua. Kile cha udongo, kikubwa. Ndicho ninachompiga nacho. Hapa kwenu sijui kitu kizito kiko wapi.”

Benitha alifikiri. Alikuwa ameitafsiri filamu hiyo mara nyingi, na hakuwahi kuuliza swali hilo kwa njia hiyo. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Upande wa pili wa mlango ulikuwa watu.

“Na kule,” Vanessa alisema, akitupa jiwe dogo nje ya ungo, “angalau mnaniambia nisifungue.”

Siku ya soko iliyofuata, kabla watu hawajaingia, Benitha alimsindikiza. Walikwenda pamoja mpaka mbele ya kitambaa. Vanessa alivua kandambili, akazipanga ukutani, akasema inatosha, na Benitha akarudi nyuma. Mzee Twagirayezu aliwasha mashine. Vanessa alionekana kwenye ngazi, kisha jikoni, kisha mezani kwake, anachora.

Kwa muda filamu ilikuwa hivyo. Vanessa alikunywa chai. Alichora nyumba yenye majirani pande zote. Usiku aliwasha taa. Alisikia kitu kimeanguka chini, akashuka amevaa viatu, ilikuwa ndoo, akaisimamisha. Benitha alieleza yote hayo kwenye kipaza sauti kwa usahihi na, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kupumua kwa hofu, alipumua kawaida. Ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Watu walianza kutoka kabla ya mwisho. Wa Bukavu walisema wamevuka mto kwa ajili ya mwanamke anayekunywa chai. Mzee Twagirayezu alimwita Benitha kando, akamuuliza kwa upole kama hakuna mahali ambapo ile ndoo ingeweza kuwa kitu kingine.

Jules naye alidhoofika. Tangu Vanessa aondoke mvua yake ilipungua ikawa manyunyu, kisha ukungu tu kuzunguka kofia. Nzahaha walikoma kumwulizia. Alisimama ng'ambo ya njia akitazama dirisha tupu, na watu waliopita walisema maskini. Mke wa Nsabimana alimpikia mchuzi wa sambaza, hakula. Mwishowe alimwambia Nsabimana kwamba anajua Vanessa aliko, ila haoni vizuri kwenda peke yake, maana kule ukumbini yeye ni mgeni. Je, kuna mtu wa kumsindikiza?

Walikwenda naye wengi kuliko siku aliyokuja. Védastine alimfungia sambaza kwenye karatasi kwa ajili ya njia. Waliingia ukumbini filamu ikiwa imeshaanza, na Benitha aliwaona kutoka kwenye kiti chake. Aliweka kipaza sauti chini, akashuka, akasimama mbele ya kitambaa. Ramani ya Vanessa ikachoreka juu ya blauzi yake.

Mzee Twagirayezu alisema kwamba anawazibia watu.

Benitha alisema kile alichokijua. Jules akiingia, atabisha. Mwanamke hajamwita. Wote waliomo humu wanajua kinachofuata. Wanakijua kwa moyo, wanakisema kabla yake yeye mwenye kipaza sauti. Hakupandisha sauti. Aliamini, hata wakati huo, kwamba jambo likisemwa wazi na kwa mpangilio lina uzito wake.

“Ni kweli,” Nsabimana alisema. Hakuwa mtu mbaya, na alimhurumia Benitha kusimama pale mbele ya watu. “Lakini atabakia na siye mupaka lini? Kule ni kwabo, Maman Benitha. Muntu anarudia kwabo.”

Wakampisha Jules, wakamsogeza Benitha kando, kwa mikono, kwa heshima, kama mnavyosogeza meza. Jules alivua kofia, akawashukuru wote kwa sauti ya Benitha iliyoshushwa kidogo, akaingia. Mvua ilianza pale pale juu ya nyumba ya vioo, kubwa, na kishindo chake kilisikika vizuri kwenye spika. Watu walikaa. Mtu alifunga mlango ili mwanga wa nje usiharibu picha.

Benitha alirudi kwenye kiti chake, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa ndicho kitu pekee alichobaki nacho, na Vanessa alikuwa anasikia kwa hicho tu. Alikishika. Alisema, “Vanessa, mwanamume ambaye hukumwita amefika.”

“Msindikizaji,” ukumbi ulimsahihisha, kwa sauti moja, bila ubaya wowote.

Vanessa aliinua kichwa kutoka kwenye ramani. Aliweka kikombe chini. Alitazama mlango wa mbele, akautazama kwa muda, kisha akawa yuko kwenye ngazi, anapanda, mkono kwenye ukingo, anakwenda juu ambako hakuna njia ya kutokea.

Kelele zilianza benchi la nyuma na kuja mbele. Védastine alifunika macho kwa kitenge. Nsabimana alikuwa amesimama, na viatu vyake vilikuwa bado na maji ya Jules.

“Usifungule!” alimwambia. “Maman, tunakuomba, usifungule!”

Alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, na wote waliokuwa karibu naye walikubaliana, kwa masikitiko ya kweli, kwamba mwanamke wa namna ile hakuna mtu anayeweza kumsaidia.